Luther Arkwright: urithi wake uko wapi hasa, na sisi tunaochora huku Uganda tunachukua nini?

Kalamu_Mbale

Hamjambo wapenzi wa komiki. Nina swali, na nataka majibu ya watu waliosoma kweli sio waliosikia tu.

Binamu yangu anakaa Leeds huko Uingereza, alipokuja nyumbani Krismasi akaniachia kitabu kizito, The Adventures of Luther Arkwright, kazi ya Bryan Talbot, nyeusi na nyeupe mwanzo mpaka mwisho. Akaniambia hiki ndicho kilichofungulia mlango komiki za watu wazima Uingereza, soma halafu unipigie tuongee. Sasa nimekisoma. Kwa wale hawakijui, ni hadithi ya kisayansi, kuna dunia nyingi sambamba, yaani historia ileile lakini kila dunia imeshika njia yake, na huyu Luther, jamaa wa nywele nyeupe, anavuka kutoka dunia moja kwenda nyingine kwa nguvu ya akili yake bila mashine. Kuna kundi la siri linaitwa Disruptors linavuruga historia za hizo dunia, na sehemu kubwa ya hadithi inatokea kwenye Uingereza ambayo vita vya Cromwell, yule kiongozi wa upande wa bunge, na mfalme havikuisha kama tulivyosoma shuleni, ukoo wa Cromwell bado umekalia watu shingoni mpaka karne ya ishirini.

Kazi ya mkono namvulia kofia. Lakini hadithi inanipiga chenga banange. Ukurasa huu uko hapa, ukifunua uko mwaka mwingine, dunia nyingine, katikati vipande vya magazeti, kurasa zingine maneno yamejaa mpaka macho yanauma. Halafu naona watu wanaandika kwamba hii ni moja ya komiki zenye ushawishi mkubwa kuliko zote zilizotoka Uingereza. Ushawishi gani? Judge Dredd, yule askari wa komiki, hata kwenye vibanda vya video wanamjua. Ile barakoa ya komiki ya V for Vendetta imeonekana kwenye maandamano nchi ngapi. Luther Arkwright nani anamjua? Zunguka Kampala nzima uulize. Kwa hiyo urithi wake uko wapi?

Nauliza kwa sababu sisi wachoraji kadhaa hapa Mbale tunataka kuanza komiki yetu ya kisayansi, ndefu, sio ya visanduku vitatu kwenye gazeti, na nataka kujua kama huyu mzee ana kitu cha kutufundisha au ni sifa za wakusanya vitabu tu.

Wino_Jinja

Kaka Kalamu karibu, na nimefurahi sana kujua kuna mtu Mbale anacho hicho kitabu.

Ukitafuta urithi wa Luther kwenye fulana na sinema hutauona. Tafuta kwenye namna waliokuja nyuma yake wanavyopanga ukurasa. Hebu fanya hivi, fungua kitabu chako mahali popote pana mapigano, au mtu anauawa. Tafuta neno PAA au BUUM. Halipo. Tafuta ile mistari ya kuonyesha kitu kinakwenda mbio. Haipo. Tafuta kile kiputo cha mawazo chenye vimduara vidogo kuelekea kichwani kwa mtu. Hakipo. Talbot aliviondoa vyote kwa makusudi, na tunaongelea mwisho wa miaka ya 1970, wakati komiki karibu zote kwenye maduka ya Uingereza zilikuwa za watoto na bila PAA hazijakamilika.

Sasa ukishaviondoa vyote hivyo unabaki na nini cha kuonyesha sauti na mwendo na wasiwasi? Unabaki na visanduku vyenyewe, ukubwa wake, wembamba wake, na unaweka kipi kabla ya kipi. Ndio maana anachukua tukio la sekunde chache analikata vipande vyembamba vyembamba, jicho, mkono, jicho tena, halafu ghafla anakupa kisanduku kikubwa kimetulia na wewe msomaji unahisi ule muda umevutika. Hiyo aliitoa kwenye sinema, hasa za Nicolas Roeg, mwongozaji Mwingereza aliyekuwa anakata jana na kesho anazichanganya na leo bila kukuomba ruhusa. Kwa hiyo unapopotea ujue umepotezwa makusudi, manake Luther mwenyewe anaishi hivyo, dunia zote ziko kichwani mwake kwa wakati mmoja. Kuna mwanamke humo anaitwa Rose Wylde, ana uwezo wa kuwasiliana na nafsi zake zilizoko kwenye dunia nyingine, sasa mtu kama huyo utamchoraje kwa mstari mmoja ulionyooka kutoka kushoto kwenda kulia? Haiwezekani. Umbo la ukurasa limetoka kwenye hadithi yenyewe, na hapo ndipo mimi nilipoinama.

Halafu angalia vivuli. Leta kitabu karibu na dirisha uangalie ukuta wowote wa London humo ndani, au koti la askari. Hakuna rangi ya kijivu, ni mistari midogo iliyopishana mmoja mmoja kwa mkono, ya kulala, ya kusimama, ya mshazari, mpaka giza linajijenga lenyewe. Ukiangalia utaona mkono wa William Hogarth yule mchoraji wa karne ya 18, na Talbot hajawahi kumficha. Sisi wengi hapa Uganda tunaanza kuchora kwa kalamu ya biki kwenye daftari la shule, hiyo kazi ya mistari tunaijua kwa mikono yetu, kwa hiyo usiseme iko mbali na sisi.

Ushauri wangu: sehemu ya kwanza inayoitwa Rat Trap ndiyo imevunjwavunjwa zaidi. Ya tatu ni vita, inakwenda. Soma ya tatu tena halafu rudi ya kwanza, utashangaa vitu vilivyokuwa vimekaa hapo vinakusubiri.

Mzee_Bombo

Salaam aleikum wanangu. Mimi nitapinga kidogo, tena kwa heshima.

Mimi nilikulia London, familia yetu ilikimbilia huko miaka ya sabini kwa sababu wote mnazijua. Komiki iliyonilea ni 2000 AD. Ilianza Februari 1977, Judge Dredd akaingia toleo la pili, John Wagner ndiye mwandishi aliyembuni, na umbo la yule askari, lile kofia linaloficha macho na mabega ya chuma, ni la Carlos Ezquerra ambaye ni Mhispania. Mpaka leo bado inatoka kila wiki. Kila wiki! Mtoto mwenye sarafu mbili tatu mfukoni anaenda duka la magazeti la mtaani anaichukua pamoja na maziwa ya mama. Sisi tulikuwa watoto weusi kwenye mtaa ambao polisi walitusimamisha bila sababu, halafu unamsoma Dredd, askari ambaye ni polisi na hakimu na jela kwa pamoja, anakuhukumu palepale barabarani. Hakuna aliyehitaji kutueleza hiyo hadithi inasema nini.

Arkwright hatukuiona kabisa. Ilikuwa inatoka kwenye majarida madogo ya watu wa sanaa, unaipata kwa maduka maalumu ya komiki, mtoto wa kawaida hafiki huko. Kwa hiyo tukisema komiki imebadilisha Uingereza tuulize imebadilisha akina nani. Ile iliyobadilisha watoto laki nyingi ni 2000 AD, ile iliyobadilisha wachoraji mia mbili ni Arkwright. Zote mbili ni urithi, lakini msizipime kwa ratili moja.

Na ukweli mwingine wa kuusema, Talbot mwenyewe aliingia 2000 AD miaka ya themanini akachora Nemesis the Warlock na Pat Mills, ambaye ndiye aliyelianzisha lile gazeti. Kwa hiyo ule ujuzi alioupata kwenye kazi yake ndogo ya peke yake, sisi watoto tulikuja kuuona bila kujua umetoka wapi. Kwenye hilo nawapa haki.

Wino_Jinja

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ya wachoraji mia mbili naikubali na ndiyo hoja yangu hasa. Wale wachache ndio baadaye walioandika na kuchora vitabu vilivyosomwa na mamilioni. Warren Ellis, mwandishi wa komiki ya Transmetropolitan, amemsifu Talbot waziwazi. Jarida lenyewe la Near Myths la Edinburgh ambamo Luther alianza kutoka kwa mfululizo mwaka 1978, ndilo hilohilo Grant Morrison, ambaye leo ni mwandishi mkubwa wa komiki, alianzia akiwa kijana mdogo kabisa na hadithi yake ya Gideon Stargrave. Na wote wawili walikuwa wanakunywa kisima kimoja, riwaya za Michael Moorcock za Jerry Cornelius. Jarida lilitoa matoleo matano tu likafa, lakini angalia waliopita humo.

Nasser_Rodi

Mnaongea sanaa na mimi niongee karatasi, manake kazi yangu ni uchapishaji hapa Nasser Road, kalenda, kadi za harusi, vitabu vya risiti, mabango ya wagombea ukifika msimu. Komiki nilizijua kupitia wateja.

Kwangu mimi urithi mkubwa wa huyu bwana ni jinsi kitabu chake kilivyokataa kufa, na kwa nini kilikataa. Fuatilieni safari yake. Luther alionekana mara ya kwanza 1976 kwenye hadithi fupi kwenye komiki ya chini kwa chini. Halafu 1978 Near Myths, likafa. Halafu 1982 jarida lingine linaitwa pssst!, nalo halikudumu, ila mwaka huohuo sehemu ya kwanza ikatoka kama kitabu. Halafu kimya. Halafu 1987 Valkyrie Press wakaanza kuitoa upya kwa matoleo mpaka 1989 hadithi ikaisha, mwaka 1988 ikabeba tuzo kadhaa za Eagle, tuzo za komiki za Uingereza, halafu wachapishaji Dark Horse wakaipeleka Marekani. Kitabu cha pili Heart of Empire kikaja 1999. Cha tatu, The Legend of Luther Arkwright, kimetoka 2022 kwa Jonathan Cape, mtu ana miaka sabini. Majarida mawili yamemfia mikononi, wachapishaji wamebadilika, na kila mara anachukua kurasa zake anahama nazo. Angewezaje? Kwa sababu Luther ni mali yake. Hakumuuza.

Sasa linganisheni na The Ballad of Halo Jones ya Alan Moore na Ian Gibson, ilitoka ndani ya 2000 AD hiyohiyo ya mzee wetu kuanzia 1984. Hadithi ya msichana wa kawaida wa karne ya 50 anayetaka tu kutoka mahali alipozaliwa, na watu wengi waliipenda kuliko hata Dredd. Moore alipanga vitabu tisa. Vilitoka vitatu, 1986 ikasimama, kwa sababu haki zilikuwa za kampuni na sio za waliomzaa Halo, wakagombana juu ya hilo na mwandishi akaondoka. Mpaka leo haijaisha. Msomaji amebaki na msichana ameruka na chombo chake na hakuna anayejua alikwenda wapi. Ile V for Vendetta nayo iliachwa njiani gazeti la Warrior lilipokufa, ikaja kumaliziwa kampuni ya DC ya Marekani 1988 na 1989, lakini Moore na DC walikosana vibaya juu ya haki zilezile.

Kwa hiyo Kalamu, kabla hamjachora kisanduku cha kwanza kaeni chini muandike karatasi, nani ameandika, nani amechora, kazi ni ya nani, na mkimpa mchapishaji mnampa nini na kwa muda gani. Naona vijana wanakuja hapa na katuni nzuri sana walizochorea shirika fulani au kampuni fulani, ukiuliza unaweza kuichapisha tena uuze mwenyewe? Hapana, waliweka sahihi bila kusoma. Inaniuma kila mara.

Na jambo la nyeusi na nyeupe msilidharau. Rangi kamili ni pleti nne kwa kila upande wa karatasi, nyeusi ni pleti moja na wino mmoja. Kwa pesa ya kuchapa komiki nyembamba ya rangi unatoa kitabu kinene cha nyeusi. Ila hiyo mistari anayoisifu Wino ina masharti yake, ukichora kwenye karatasi kubwa halafu ukaipunguza sana wakati wa kuskani, mistari inashikana, wino unaziba nafasi na ukuta wako unakuwa doa jeusi. Jaribuni ukurasa mmoja kwanza kwa ukubwa utakaochapwa kabla hamjachora mia. Na mhesabu kurasa kwa nne nne, manake kitabu cha kushona kwa pini katikati hakikubali kurasa 30, kinakubali 28 au 32.

Mwl_Masindi

Wapendwa naomba niingilie, mimi ni mwalimu wa historia, na huwa siachi kitu chochote chenye dola ya Waingereza ndani yake kipite hivihivi.

Nashangaa hamjazungumzia Heart of Empire kwa kina, kwa sababu kwa msomaji wa Uganda kile kitabu cha pili ndicho chenye mzigo. Kitabu cha kwanza kinakwisha unashangilia, watawala wa Cromwell wameanguka, Anne amekuwa malkia, watu wamekombolewa. Kitabu cha pili kinakuchukua miaka 23 mbele kwenye dunia ileile na kukuonyesha ushindi ule umezaa nini. Umezaa dola inayokanyaga dunia nzima. London imejaa majumba ya fahari na dhahabu ya watu wengine, na malkia yuleyule aliyekuwa mkimbizi anayewindwa ndiye sasa mtesi. Anayebeba hadithi ni Victoria, binti wa Luther na Anne, binti wa kifalme aliyelelewa humo ndani, hana habari na yanayotokea chini yake, na polepole analazimika kuyaona. Jina refu la kitabu lenyewe ni Heart of Empire, or the Legacy of Luther Arkwright. Yaani mwandishi mwenyewe ameshauliza swali la Kalamu kabla ya Kalamu, shujaa wetu ametuachia nini, na jibu lake ni chungu. Ni waandishi wangapi wana ujasiri wa kurudi kwenye ushindi wa shujaa wao na kuukagua hivyo? Mimi nilikaa na hicho kitabu muda mrefu. Hapa petu tumeona wakombozi wakigeuka zaidi ya mara moja, sihitaji kutaja.

Na kuna jambo la pili. Hizi dunia sambamba si mchezo wa Waingereza peke yao. Sisi historia yetu imejaa njia panda za namna hiyo, ni vile hakuna aliyezichora. Chukueni mwaka 1902. Kabla ya hapo mkoa wa mashariki wa Uganda ulifika mpaka Naivasha, Kisumu yenyewe ilikuwa Uganda, na ndiyo maana reli ile iliitwa Reli ya Uganda ingawa ilifika ziwani 1901 ikaishia Kisumu. Halafu ikatoka amri ofisini London, mstari ukasogezwa, ule mkoa ukapewa upande wa pili ambao leo ni Kenya. Kalamu moja. Mwaka uliofuata, 1903, waziri Joseph Chamberlain akawapa Wazayoni ofa ya ardhi wakajenge makao yao, watu mpaka leo wanauita mpango wa Uganda ingawa ardhi yenyewe ni Uasin Gishu ambayo tayari ilikuwa imeshakatwa, na mwaka 1905 mkutano wao ukaikataa. Sasa mfikirie dunia ambayo mstari haukusogezwa. Dunia ambayo wale walikubali. Dunia ambayo Kabalega, mfalme wa Bunyoro, hakukamatwa 1899 akapelekwa Shelisheli, hakufia njiani Jinja mwaka 1923 akiwa anarudi nyumbani, bali aliendelea kupigana na Bunyoro ikabaki dola. Au amri ya 1973 ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa ikashika kweli mashuleni, na wajukuu wa Masindi na Gulu na Masaka wanasoma komiki hii kwa Kiswahili bila kufikiria mara mbili.

Talbot alichukua vita vya kwao vya miaka ya 1640, jambo ambalo kila mtoto wa Kiingereza amelisinzia darasani, akauliza je yasingeisha? Hiyo ndiyo njia ya kumfuata, chukueni kidonda chenu.

Kijana_Wandegeya

Mwalimu hiyo ya 1902 nimeisoma mara mbili, kweli Kisumu ilikuwa yetu?? Nitakuja na maswali mengine.

Mimi nataka tu kusema kwamba watu wa umri wangu dunia sambamba tumezijua kwa sinema za mashujaa za miaka hii, tukiwa kibandani vijei, yule msimulizi wa sinema, anatutafsiria, kwa hiyo nilivyoona Luther nikadhani amewaiga. Kumbe 1978! Binamu yangu wa chuo akaniambia hata ile mitindo ya mashine za mvuke na meli za angani na nguo za kizamani, ambayo sasa kila mtu anachora, jina lake la steampunk lilipatikana 1987, na Talbot alikuwa ameshaanza kuchora meli zake za angani zamani. Sasa swali, hivyo vitabu vya pili na tatu vina ugumu uleule? Manake mimi Rat Trap niliishia kurasa chache nikachoka.

Mwl_Masindi

Hapana mwanangu. Heart of Empire kina rangi, Angus McKie ndiye aliyepaka, na kinasomeka kwa mstari ulionyooka kabisa, siku zinahesabiwa moja moja kuelekea balaa. Mtu anaweza kuanza nacho, atakosa baadhi ya mambo lakini hatapotea. Cha tatu Luther amekutana na kiumbe aliyemzidi uwezo, nacho pia hakisumbui. Talbot wa uzeeni anamjali msomaji zaidi kuliko yule wa miaka ya sabini, na mimi sioni kuwa ni udhaifu.

Wino_Jinja

Hapo mwalimu tutaachana kidogo. Heart of Empire ni kitabu kizuri, lakini ule moto wa kwanza wa kuvunja ukurasa haumo. Ukimpa mchoraji kijana cha pili atapata hadithi. Ukimpa cha kwanza atakasirika kama Kalamu alivyokasirika, halafu wiki nzima atakuwa anajaribu vitu kwenye daftari lake. Nimeona ikitokea.

Mzee_Bombo

Wino, lakini yule mtoto wa kibandani ameshasema alichoka kurasa za mwanzo. Umempoteza. Mimi kila siku nawaambia, msomaji kwanza. Dredd alikuwa na kurasa tano sita kwa wiki, ukurasa wa kwanza una jambo, wa mwisho una jambo la kukurudisha Jumamosi ijayo. Hiyo nidhamu ndiyo iliyolea waandishi wote hawa mnaowataja, Moore mwenyewe alijifunza hadithi fupi za kurasa mbili tatu humohumo kabla hajaandika yale makubwa.

Kalamu_Mbale

Jamani, asanteni wote, nimerudi na kitabu kiko hapa mkononi nimefanya kama Wino alivyosema. Kweli hakuna PAA hata moja. Nimekwenda kitabu kizima natafuta, vita vyote vile, mizinga, risasi, hakuna. Na ajabu ni kwamba nilipokisoma mara ya kwanza nilisikia kelele zote. Hilo limenikaa.

Nimewasomea wenzangu maneno ya mwalimu jana jioni. Kulikuwa na ubishi mkubwa, mmoja anataka Kabalega, mwingine anataka ile reli, lakini wengi wameshika 1902. Kwa mtu wa Mbale lile jambo liko mlangoni, sisi mpaka uko palepale Busia na Malaba, watu wana shangazi upande wa pili, unavuka kwenda mazishi unaonyesha kitambulisho. Dunia ambayo ule mstari uko Naivasha na hapa katikati hakuna kitu, na mtu mmoja tu anayekumbuka kwamba kuna dunia nyingine ambako mpaka upo. Tayari kuna dada mmoja wetu ameanza kuchora stesheni.

Kuhusu mzee na Wino, mimi naona tutachukua kwa wote wawili. Sura fupi za kurasa nane, kila moja ina mwisho wa kumrudisha mtu, lakini hakuna viputo vya mawazo na hakuna BUUM, tujilazimishe tuone. Nyeusi na nyeupe. Nasser_Rodi, nina maswali mawili. Kwanza, tukichora kwenye A3 tukachapa kwa A5, mistari itaziba? Pili, hiyo karatasi ya makubaliano tuandike wenyewe au lazima wakili, manake sisi ni watu watano na hakuna mwenye pesa ya wakili.

Nasser_Rodi

A3 kwenda A5 ni kupunguza nusu kamili kila upande, inawezekana lakini msipishane mistari karibu sana, acheni nafasi mara mbili ya ile mnayoona inatosha. Mkiweza chorani kwa A3 mchape kwa A4, hapo mistari itapumua na maneno ya kwenye viputo yatasomeka bila miwani. Niletee ukurasa mmoja wa hiyo stesheni nitautoa kwa saizi zote mbili muangalie wenyewe, hiyo sitawalipisha.

Karatasi andikeni wenyewe kwanza kwa lugha mnayoielewa wote watano, majina, nani anafanya nini, hadithi na wahusika ni mali ya nani, mtu akiondoka anaondoka na nini, pesa ikija inagawanywaje. Wekeni sahihi wote na mashahidi wawili, kila mmoja abaki na nakala yake. Mkishafika mahali mchapishaji au shirika linawaita mezani, hapo ndipo mtafute wakili hata kwa kuchanga, na msiweke sahihi siku hiyohiyo hata wakiwaambia ofa inaisha leo.

Mwl_Masindi

Kalamu, ramani za mwaka 1902 na kabla ninazo, nilizinakili kwa ajili ya wanafunzi. Nitazipiga picha nikutumie ili stesheni zenu zikae mahali pake, na msisahau kwamba Kisumu wakati huo iliitwa Port Florence.

Kijana_Wandegeya

Tafadhali mkimaliza sura ya kwanza iwekeni hapa. Na mimi Rat Trap nitairudia, naanzia sehemu ya tatu.